Somo la Kumi na Mbili: Ndege Wanaotaga Chini

Katika somo lililopita ulijifunza jinsi ndege wanavyojenga viota juu ya miti. Uliona jinsi mnana anavyosuka kiota chake kwa majani na kukining'iniza kwenye ncha ya tawi. Lakini si ndege wote wanaotaga mtini. Kanga, kwale, tombo na mbuni hutaga mayai yao chini, ardhini. Katika somo hili utajifunza habari za ndege hao, hasa kanga. Utajifunza pia la kufanya iwapo wewe mwenyewe, bila kukusudia, utamgutusha ndege wa namna hiyo kiotani mwake.

Katika shamba la shule

Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati wa palizi, katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Wanafunzi wa darasa la tano walikwenda kufanya kazi katika shamba la shule. Nusu yao walipalilia mtama kwa majembe. Wengine walifyeka majani marefu yaliyoota kando ya shamba, karibu na kichaka.

Hamisi alikuwa mbele ya wenzake. Aliinua fyekeo, akalishusha. Mara ndege mkubwa akachomoka majanini, karibu kabisa na miguu yake, akapiga kelele na kukimbilia kichakani. Hamisi alishtuka, akarudi nyuma. Alipotazama mahali pale aliona kishimo cha kina kifupi, kimetandikwa majani makavu na manyoya machache. Ndani yake mlikuwa na mayai kumi. Yai moja lilikuwa limepasuliwa na ncha ya fyekeo.

"Mayai ya kanga!" alisema kwa sauti.

Wenzake walikuja mbio. Mmoja alisema, "Tuyachemshe." Hamisi alikataa, akasema, "Hapana. Nitampelekea bibi. Ana kuku anayeatamia. Atayaatamia na haya."

Chiku naye alisema, "Msiyaguse! Mama yao akinusa harufu ya mikono yenu hatarudi tena."

Mwalimu alisikia makelele, akaja. Hakumkemea mtu. Aliwaambia wote wasimame pale pale walipo, watazame miguuni mwao, kisha warudi nyuma hatua ishirini. Yeye mwenyewe alichuma jani pana, akaliokota kwalo lile yai lililopasuka, akawafuata wanafunzi kando.

"Tazameni vizuri," alisema.

Juu ya kiini cha yai palikuwa na nyuzi nyekundu zilizotawanyika kama mizizi midogo. Katikati ya nyuzi hizo palikuwa na kiumbe mdogo mwenye jicho jeusi. Wanafunzi walikaa kimya.

"Mwalimu," Hamisi aliuliza, "huyu alikuwa kifaranga?"

"Alikuwa njiani kuwa kifaranga," mwalimu alijibu. "Huyu amekwisha kufa. Yale mayai tisa yaliyobaki yangali na uhai. Kupona kwao kunategemea jinsi tutakavyofanya sasa."

Je, mwalimu alijua nini ambacho wanafunzi hawakukijua? Ili tuweze kujibu swali hilo, yatupasa kwanza kujua jinsi kanga anavyoishi na jinsi yai linavyokua.

Kanga na kiota chake

Kanga ni ndege mkubwa kiasi cha kuku. Manyoya yake ni ya kijivu iliyokoza, yenye madoa mengi meupe. Watu wengi husema kuwa vazi la kanga lilipata jina lake kutokana na madoa hayo. Kichwa chake hakina manyoya, na utosini ana kijipembe kigumu.

Kanga huishi kwa makundi. Mchana hutembea ardhini wakichakura na kula mbegu, mizizi, mchwa, panzi na wadudu wengine. Pengine hula mbegu alizopanda mkulima, lakini hula pia wadudu wengi wanaoharibu mimea yake. Usiku kanga hulala juu ya miti, mahali ambapo wanyama wengi hawawezi kuwafikia.

Majira ya mvua yafikapo, majike hutafuta mahali pa kutaga. Jike huchimba kishimo kwa miguu yake, chini ya majani marefu au chini ya kichaka. Kwa kawaida hutaga mayai 6 hadi 12, yenye rangi ya maziwa au ya udongo hafifu, na magamba yake ni magumu sana. Akimaliza kutaga, jike huanza kuatamia. Huatamia peke yake kwa muda wa siku 26 hadi 28 hivi.

Siku hizo ni za hatari sana kwake, kwa kuwa hawezi kulala mtini pamoja na wenzake. Silaha yake kubwa ni kujificha. Hutulia tuli bila kutikisika, na rangi zake huchanganyika na kivuli cha majani. Mtu aweza kupita hatua chache kutoka kwake asimwone. Ndiyo sababu Hamisi hakumwona kanga mpaka fyekeo lilipofika karibu. Yule ndege hakuwa mzembe. Alikuwa akiyalinda mayai yake kwa njia anayoijua.

Ndege wengine wanaotaga chini hutumia hila nyingine. Adui akikaribia, ndege huondoka kiotani akiburuta bawa moja chini kana kwamba limevunjika. Adui humfuata akidhani amepata windo rahisi. Akiisha kuvutwa mbali na kiota, ndege huruka salama. Ukimwona ndege akifanya hivyo mbele yako, jua kuwa mayai au vifaranga wake wako karibu. Simama na kuangalia unapokanyaga.

Ndani ya yai

Yai la ndege lina gamba, ute na kiini. Gamba lina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Hewa hupita katika matundu hayo. Ute na kiini ni chakula na maji ya kiinitete, yaani kiumbe anayekua ndani ya yai.

Ili kiinitete kikue, yai linahitaji joto la nyuzi 37 au 38 za Sentigredi. Mama hulitoa joto hilo katika ngozi ya tumbo lake. Pia huyageuza mayai mara kwa mara kwa mdomo, ili kiinitete kisigande upande mmoja wa gamba.

Sasa fikiri. Kanga hutaga yai moja moja kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuatamia. Yai la kwanza hukaa baridi siku hizo zote, wala halifi. Kiinitete husimama kukua tu, kikingoja joto. Hata baada ya kuanza kuatamia, mama huondoka kwa muda mfupi kwenda kula na kunywa maji. Mayai hupoa kidogo, kisha yeye hurudi na kuyapasha joto tena. Kwa hiyo yai baridi si lazima liwe yai lililokufa. Ukikuta mayai baridi majanini, usiseme, "Haya yametupwa." Huenda mama hajamaliza kutaga, au amekwenda kula.

Joto kali ni hatari kuliko baridi ya muda mfupi. Jua la mchana laweza kuupasha udongo joto kupita nyuzi 40. Yai likikaa katika joto kama hilo kwa muda mrefu, kiinitete hufa. Majani yaliyo juu ya kiota hukificha kiota na kukitilia kivuli. Ukiyafyeka, umeondoa paa la nyumba.

Mambo yanayoyaua mayai baada ya mama kugutushwa

Mama akigutushwa, mayai hukabiliwa na hatari kadhaa.

Hatari ya kwanza ni mama kukawia. Watu wakiendelea kusimama karibu na kiota, yeye huwatazama kutoka mafichoni na kuogopa kurudi. Kadiri wanavyokaa, ndivyo mayai yanavyozidi kupoa au kuchomwa na jua.

Hatari ya pili ni wanyama walao mayai. Nguchiro, kenge, nyoka, nyani, kunguru na mbwa wa kijijini wote hupenda mayai. Kunguru wana macho makali, nao huwatazama watu. Majani yaliyokanyagwa kama njia humwongoza mnyama mpaka kiotani.

Hatari ya tatu ni hofu inayorudiwa. Ndege aliyegutushwa mara moja mara nyingi hurudi. Akigutushwa kila siku, aweza kukisusa kiota kabisa. Ndege ambaye ameanza tu kuatamia hususa upesi kuliko yule ambaye mayai yake yamekaribia kuanguliwa.

Hatari ya nne ni mikono yetu. Tukiyashika mayai tunaweza kuyatikisa, kuyapasua, au kuyachafua na kuziba matundu ya gamba. Nasi wenyewe tumo hatarini, kwa maana katika majani hayo hayo hukaa nyoka kama kifutu. Usitie mkono mahali usipopaona.

Na je, maneno ya Chiku kuhusu harufu ni ya kweli? Watu wengi huyaamini. Lakini ndege wengi hawatumii harufu kuyatambua mayai yao. Kinachomfukuza mama ni hofu, wala si harufu ya vidole. Chiku alikosea sababu, lakini shauri lake lilikuwa jema: mayai hayapaswi kuguswa.

Na shauri la Hamisi? Ni kweli kwamba kuku aweza kuatamia mayai ya kanga, na wafugaji wa kanga hufanya hivyo. Lakini mayai yale hayakuwa ya mfugaji. Mama yao alikuwa hai, hatua chache tu kichakani. Kuyabeba kungeyatikisa na kuyapoza. Isitoshe, ndege wa porini na kuku wa nyumbani wanaweza kuambukizana magonjwa kama kideri. Tena katika nchi yetu ndege wa porini na mayai yao hulindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na hairuhusiwi kuwachukua bila kibali.

La kufanya ukimgutusha ndege kiotani

1. Simama mara moja. Tazama miguuni kabla ya kupiga hatua nyingine, maana huenda kuna mayai au vifaranga wengine karibu.

2. Weka kando fyekeo au jembe, na waambie wenzako wanyamaze na kurudi nyuma. Asiwepo mtu wa kuwaita wengine waje kutazama. Kama kuna mbwa, mfunge au mwondoe.

3. Tazama kwa macho tu, kwa kitambo kidogo. Usiyahesabu mayai kwa kidole.

4. Ikiwa yai zima limebingirika nje ya kiota, unaweza kulirudisha polepole kwa kutumia jani kavu. Yai lililopasuka liondoe na kulifukia mbali, kwa sababu harufu yake huwaita siafu na nguchiro.

5. Ikiwa umeyafunua majani yaliyokuwa juu ya kiota, yainamishe tena yakae kama yalivyokuwa. Usiyarundike juu ya mayai, kwa kuwa mama atashindwa kuyafikia.

6. Ondoka kwa upande ambao mama hakukimbilia. Usikanyage majani na kutengeneza njia ya kufika kiotani.

7. Usiendelee kufyeka hapo. Acha ukanda mpana wa majani unaokiunganisha kiota na pori. Ukibakiza kishungi kidogo cha majani peke yake katikati ya uwazi, kunguru na mbwa watakiona upesi. Alama ya kuwakumbusha watu iwe njiani, mbali na kiota.

8. Nawa mikono kwa sabuni na maji.

9. Kesho yake, mtu mmoja tu atazame kwa mbali. Asipomwona mama, asiende kumtafuta, kwa maana ndege aliyejificha vizuri haonekani.

Ukikuta vifaranga mahali pa mayai, usiwachukue. Vifaranga wa kanga hutembea na kujitafutia chakula mapema sana, na baada ya kama wiki moja huweza kurukia matawi ya chini. Wakiona hatari hulala chini wakatulia. Usidhani kuwa wameachwa. Ondoka, na mama yao atawaita.

Yaliyotokea baadaye

Mwalimu aliyainamisha majani yaliyobaki, akaacha ukanda wote wa kando ya kichaka bila kufyekwa. Wanafunzi waliendelea na palizi upande wa pili wa shamba. Kesho yake asubuhi, Chiku alitumwa kutazama kutoka penye mbuyu ulio mbali. Alikaa kitambo kirefu. Mwishowe aliona kichwa chenye kijipembe kikiinuka kidogo katikati ya majani, kisha kikashuka. Mama alikuwa amerudi.

Siku ya kumi na saba, kiota kilikuwa kitupu. Wanafunzi waliruhusiwa kukikaribia. Walikuta magamba manane, kila moja limekatwa kwa mviringo karibu na ncha yake nene. Hivyo ndivyo kifaranga anavyolikata gamba kwa mdomo wake anapotoka. Gamba la yai lililoliwa na mnyama huwa limepondwa au kutobolewa ovyo. Kando yake palibaki yai moja zima. Hilo lilikuwa yai viza.

Hamisi aliyahesabu magamba mara mbili. Tangu siku hiyo, kabla ya darasa lake kufyeka mahali po pote, yeye hutangulia na fimbo ndefu, akiyapigapiga majani polepole. Ndege au nyoka aliyemo hupata nafasi ya kuondoka, na wenzake hujua mahali pa kusimama.

Majaribio

*Jaribio la kwanza.* Chukua chupa mbili zinazolingana. Mwalimu azijaze maji ya vuguvugu yenye joto la nyuzi 40. Ifunike moja kwa sufi au kitambaa kizito, na nyingine uiache wazi. Pima joto la maji kila baada ya dakika kumi, kwa muda wa nusu saa. Andika vipimo vyako katika jedwali. Chupa ipi ilipoa upesi? Sufi imefanya kazi gani ambayo mama kanga hufanya kwa mayai?

*Jaribio la pili.* Saa sita mchana, weka kipimajoto juu ya udongo ulio juani kwa dakika tano. Soma kipimo. Kisha kiweke juu ya udongo ulio kivulini, chini ya majani marefu, kwa muda huo huo. Tofauti ni nyuzi ngapi? Mahali papi panafaa kwa mayai?

*Uchunguzi wa nyumbani.* Mtazame kuku anayeatamia, bila kumsumbua. Kwa siku tatu, andika mara ngapi anatoka kiotani na anakaa nje dakika ngapi. Linganisha na wenzako.

Mambo ya kukumbuka

Kanga na ndege wengine wengi hutaga chini, na kinga yao ni kujificha. Ndani ya yai mna kiumbe hai anayehitaji joto la kiasi. Mama aliyegutushwa mara nyingi hurudi, ikiwa watu wataondoka upesi na kuacha mahali pake kama palivyokuwa. Katika jambo hili msaada mkubwa ni kuondoka.

Maswali

1. Taja ndege watatu wanaotaga chini.

2. Kwa nini Hamisi hakumwona kanga mapema?

3. Yai la kwanza la kanga hukaa baridi siku kadhaa, lakini halifi. Eleza sababu.

4. Chiku alisema mama hatarudi kwa sababu ya harufu ya mikono. Kosa la maneno yake ni lipi, na ukweli wake ni upi?

5. Kwa nini si vizuri kubakiza kishungi kidogo tu cha majani kuzunguka kiota?

6. Umekuta magamba ya mayai majanini. Utajuaje kama mayai yaliliwa au yalianguliwa?

7. Ndugu yako mdogo ameleta nyumbani kifaranga wa kanga, akisema kuwa amemwokota ameachwa. Ni muda mfupi tu tangu amchukue, na mahali alipomwokota si mbali. Utamshauri afanye nini, na utamweleza sababu gani?